Moïse Katumbi: kofia pana, Mazembe, na televisheni iliyozimwa

Siku Mazembe inapocheza, Likasi inavaa nyeusi na nyeupe. Kikula hadi Panda, jezi za "Kunguru" zinaonekana kwa vijana ambao Lubumbashi, kilomita karibu 120 kwa barabara, si kwao. Mji una timu yake, US Panda, na uwanja wake wa Kikula. Lakini jioni ya mechi kubwa, macho yanaelekea Kamalondo, na jina linalotajwa karibu sawa na majina ya wachezaji ni la mwenyekiti: Moïse Katumbi Chapwe.

Kwa mashabiki ni "Moïse" tu. Ni mtu wa kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Marekani, mwenye kushuka uwanjani kukumbatia wachezaji, na ambaye timu yake ilipata ndege zake yenyewe kwa safari za Afrika. Katika nchi ambamo magazeti mengi yanachapishwa Kinshasa na kusomwa huko huko, yeye hakuchagua karatasi. Alichagua redio na televisheni: Nyota na Mapendo, zenye makao Lubumbashi.

Mtoto wa Kashobwe

Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1964 Kashobwe, karibu na mto Luapula na mpaka wa Zambia. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes aliyekuja Kongo katika miaka ya 1930 na kufanya biashara ya samaki. Mama yake alitoka katika ukoo wa machifu wa Wabemba. Kijana Moïse alisoma Lubumbashi, kisha katika misheni ya Kapolowe, si mbali na Likasi.

Biashara aliianza palepale alipoianza baba yake, kwenye samaki. Mteja mkubwa alikuwa Gécamines, kampuni iliyolisha familia za wafanyakazi Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mwaka 1997 alianzisha MCK, kampuni ya kazi za migodini. Mwaka huohuo alikabidhiwa uongozi wa Tout Puissant Mazembe.

Mwaka huo una maana yake. Zamani, kabumbu la Katanga lilibebwa na makampuni. Union Minière, baadaye Gécamines, ilikuwa na shule, hospitali, viwanja na timu. Reli ilikuwa na Lupopo. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1994 ilikuwa chini ya tani 40,000. Mishahara ilipokatika, na michezo ilikatika. Pengo lililoachwa na kampuni likajazwa na watu wenye makuta. Katumbi akawa mkubwa wao.

Kutoka Kamalondo hadi Abu Dhabi

Mazembe haikuwa timu ndogo. Ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto, ikatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Kisha ikangoja miaka 41 kabla ya kulishika tena kombe hilo, mwaka 2009, mbele ya Heartland ya Nigeria. Mwaka uliofuata Espérance ya Tunis ilifungwa mabao 5-0 Lubumbashi.

Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe iliitoa Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0, na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Inter Milan ilishinda 3-0, lakini dunia ilibaki na picha ya kipa Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio kushangilia.

Safari hiyo ilikuwa na doa pia. Mwaka 2011 shirikisho la Afrika, CAF, liliitoa Mazembe mashindanoni kwa kumchezesha Janvier Besala Bokungu bila haki. Lakini mwaka huohuo uwanja mpya ulifunguliwa Kamalondo, na Watanzania wawili, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, wakajiunga na timu na kupendwa kama watoto wa nyumbani.

Gavana na penalti ya tatu

Wakati huo Katumbi hakuwa tena mfanyabiashara tu. Tangu 2007 alikuwa gavana wa Katanga, katika chama cha Rais Joseph Kabila. Wafuasi wake wanamsifu kwa barabara na kwa kupigania madini yasitoke nje bila kusafishwa. Wapinzani wake wanauliza swali zito: mtu anawezaje kuongoza jimbo la migodi huku akiwa na kampuni ya migodini? MCK iliuzwa mwaka 2015 kwa kampuni ya Ufaransa, Necotrans.

Desemba 2014, mbele ya umati Lubumbashi, alitumia lugha ya uwanjani. Aliuliza kama watu watakubali penalti ya tatu isiyo ya haki, baada ya mbili za kwanza. Kila mtu alielewa: alisema juu ya muhula wa tatu wa Rais. Septemba 2015, miezi michache baada ya Katanga kugawanywa majimbo manne, aliacha ugavana na chama. Novemba, Mazembe ikaifunga USM Alger na kuwa bingwa wa Afrika kwa mara ya tano.

Mwanzoni mwa Januari 2016 Samatta alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Kabla mwezi haujaisha, Nyota na Mapendo zilifungwa na serikali. Mei, Katumbi aliondoka nchini. Juni, mahakama ya Lubumbashi ilimhukumu miaka mitatu, hayupo, katika kesi ya nyumba. Jaji mmoja baadaye alisema alilazimishwa. Agosti 2018 alijaribu kurudi kupitia Kasumbalesa akazuiwa. Hukumu ilifutwa Aprili 2019, na tarehe 20 Mei akatua Lubumbashi. Mwaka huo Nyota nayo ilirudi hewani.

Mabega ya mtu mmoja

Katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2023 alikuwa wa pili nyuma ya Félix Tshisekedi, kwa asilimia 18.08. Uwanjani, Novemba 2024, wanawake wa TP Mazembe waliifunga AS FAR ya Morocco 1-0 na kuwa mabingwa wa Afrika. Shule yake ya kabumbu, Katumbi Football Academy, inaendelea kulea watoto Lubumbashi.

Na si yeye peke yake. Jacques Kyabula, akiwa gavana wa Haut-Katanga, aliongoza Lupopo, wapinzani wa jadi. Hivyo mechi ya Lubumbashi imekuwa pia mechi ya siasa, na mshabiki wa Likasi anajua hilo kabla ya filimbi kulia.

Faida imeonekana: makombe, uwanja, kazi, na heshima kwa jimbo ambalo kampuni yake kubwa ilikuwa imeanguka. Hasara pia imeonekana, mwaka 2016. Serikali ilipogombana na mtu mmoja, waandishi wa habari walipoteza kazi na watazamaji walipoteza sauti, ingawa ugomvi haukuwa wao. Timu ilinusurika, mwaka huo na uliofuata ilitwaa Kombe la Shirikisho la Afrika.

Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mazembe imeonyesha kwamba inaweza kushinda mwenye timu akiwa mbali. Haijaonyesha bado kama inaweza kulipa mishahara siku atakapoacha kutoa. Likasi, iliyowahi kuona Gécamines ikinyamaza, inajua swali hilo si la mchezo.