Je, Wajua? Shaba ya Dilala na Taa Inayokunjika

Je, wajua kwamba mji wa Kolwezi, wenye komini za Dilala na Manika, una madini yanayobeba jina lake? Kolweziti, yenye shaba na kobalti ndani yake, ilitangazwa na wataalamu mwaka 1980. Perovskiti, madini mengine ambayo jina lake sasa limeingia kwenye taa, ni ya zamani zaidi: Gustav Rose aliitambua mwaka 1839 katika jiwe la milima ya Ural, akaipa jina la Mrusi Lev Perovski.

Je, wajua kwamba perovskiti inayowaka ndani ya taa haichimbwi popote? Hutengenezwa maabara kwa risasi, bromini na sesiamu. Kilichoazimwa kwa jiwe la Ural ni mpangilio wa atomu tu. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge waliiwasha bila kuipoza, lakini kwa kila elektroni 100 zilizoingia ilitoka chini ya chembe moja ya mwanga. Mwaka 2018 maabara za China zilivuka chembe 20.

Mbona basi hatuioni madukani? Haidumu. Unyevu na joto huiharibu, na umeme wenyewe huzihamisha ayoni zake. Wachina wa Chuo Kikuu cha Huaqiao waliofika 20.3 walikadiria kuwa mwanga wao, hafifu tayari, ungepungua nusu baada ya saa 100 hivi. Balbu nyingi za LED huandikwa saa 15,000.

Kuifanya taa hiyo ikunjike nako kuna taabu yake. Tabaka la kupitisha umeme na mwanga kwa kawaida ni oksidi ya indiamu na bati, nalo halipendi kupindwa: nyufa zisizoonekana kwa macho hulikata, na sehemu ya taa huzima. Ndipo nyuzi za shaba, nyembamba kuliko unywele mara mamia, hutandazwa juu ya plastiki kama wavu. Hupindika bila kukatika, na ni nafuu kuliko za fedha. Ila shaba hushikwa na hewa na maji. Malakiti ya kijani wanayoitoa wachimbaji wa Kolwezi ilizaliwa hivyohivyo. Kwa hiyo nyuzi hizo huvikwa nikeli au grafini.

Na je, wajua kwamba shaba yaweza kuingia katika kampaundi inayowaka yenyewe? Mwaka 2018 watafiti wa Japani walieleza kampaundi ya sesiamu, shaba na iodini inayotoa mwanga wa bluu, bila risasi kabisa. Si perovskiti halisi kwa mpangilio wake. Lakini bluu ndiyo rangi inayozisumbua zaidi perovskiti za risasi.