Dhahabu, mrabaha na sauti moja ya viongozi wa dini

MWAKA 1916, Wajerumani walipokuwa wakizidiwa vitani, walitengeneza mjini Tabora sarafu zenye picha ya tembo kwa kutumia dhahabu iliyochimbwa Sekenke, wilayani Iramba, mkoani Singida. Sarafu hizo leo huuzwa kwa bei kubwa katika minada ya Ulaya na Marekani, lakini Singida imeendelea kutajwa miongoni mwa mikoa yenye umaskini mkubwa nchini.

Swali la nani ananufaika na dhahabu ni la zamani, ila mwaka 2008 liliulizwa kwa namna mpya. Machi mwaka huo, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC), Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) zilitoa ripoti ya pamoja kuhusu uchimbaji wa dhahabu. Waandishi wake walikuwa wawili: mtafiti wa Uingereza, Mark Curtis, na mwanasheria Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi, Singida.

Ripoti hiyo ilitoka katika kipindi kigumu. Januari 2008, Gavana wa Benki Kuu, Daudi Ballali, alikuwa ameondolewa baada ya ukaguzi kubaini malipo yasiyo halali ya zaidi ya Sh133 bilioni kutoka Akaunti ya Malipo ya Nje (EPA). Februari, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kutokana na kashfa ya umeme ya Richmond. Aidha, mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliotiwa saini London mwaka 2007, ulikuwa umemfanya mbunge Zitto Kabwe asimamishwe bungeni alipouhoji.

Kwa mujibu wa ripoti hiyo, katika muda wa miaka mitano kampuni za madini zilisafirisha nje dhahabu yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2.5 za Marekani. Serikali ilipata mrabaha na kodi za wastani wa dola milioni 21.7 tu kwa mwaka. Mrabaha, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa mwenye mali, ulikuwa asilimia 3. Halmashauri zenye migodi mikubwa nazo zilibanwa na mikataba: badala ya ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ya kampuni, zililipwa dola 200,000 kwa mwaka.

Je, kwa nini sahihi za taasisi tatu za dini zilikuwa na uzito? Katika siasa zetu, anayehoji mikataba huitwa mpinzani, na kiongozi wa dini mmoja akisema peke yake huambiwa anatetea waumini wake. Lakini Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu wanaposema jambo moja, hakuna pa kuwasukumia. Shule isiyo na madawati haichagui mtoto wa Mkristo au wa Mwislamu.

Baadaye sheria zilibadilika. Kamati ya Jaji Mark Bomani, iliyoundwa mwishoni mwa mwaka 2007, nayo ilipendekeza mageuzi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4, na marekebisho ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6, huku Serikali ikipewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Si haki kusema viongozi wa dini ndio waliofanya yote hayo. Walichofanya ni kuiondoa hoja mikononi mwa chama kimoja na kuifanya ya wananchi.

Hata hivyo, umoja huo haujawa imara nyakati zote. Mwaka 2012 ulizaa ripoti nyingine ya pamoja, iliyohusu upotevu wa mapato ya kodi. Lakini Agosti 2023, maaskofu wa TEC walipotoa waraka wa kupinga mkataba wa bandari na Dubai, walisimama peke yao, na baadhi ya masheikh waliwalaumu hadharani. Mjadala wa vifungu vya mkataba ukageuka kuwa mjadala wa dini ya anayesema.

Udhaifu huo una gharama. Lissu, aliyepigwa risasi Dodoma Septemba 2017 akiwa Mbunge wa Singida Mashariki, alikamatwa Aprili 2025 na kushitakiwa kwa uhaini. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifuatwa na ghasia na vifo. Novemba, TEC ililaani mauaji hayo, na Rais Samia Suluhu Hassan akaunda tume ya uchunguzi. Familia zilizofiwa ni za dini zote.

Mwaka 2023, mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji Ikungi, nyumbani kwa mwandishi yule wa ripoti ya mwaka 2008. Mwananchi wa huko anahitaji kujua halmashauri yake imelipwa kiasi gani na fedha imetumikaje. Akiuliza peke yake, ni rahisi kunyamazishwa. Mchungaji, padri na shehe wakiuliza pamoja naye, ofisi ya halmashauri italazimika kujibu.