Sura ya Sita: Kwa Nini Upepo wa Ngong Hautulii

Mgeni anayeshuka matatu mjini Ngong, kusini-magharibi mwa Nairobi, huenda asione hata jani likitikisika. Akishafika mgongoni mwa milima iliyo juu ya mji huo, hulazimika kushika kofia kwa mkono. Upepo huo wote unatoka wapi? Jibu limo katika umbo la mlima wenyewe, na yeyote mwenye viatu imara na siku moja ya mapumziko anaweza kulisoma akitembea.

Ngong ni mabaki ya volkano ya kale. Ardhi ilipopasuka na Bonde la Ufa kuanza kudidimia, sehemu ya magharibi ya volkano hiyo ilizama pamoja na bonde. Ikabaki sehemu ya mashariki: mgongo mwembamba unaotoka kaskazini kwenda kusini, wenye vilele vinavyofuatana. Kilele kirefu kuliko vyote, Lamwia, kina mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi ardhi inaporomoka ngazi kwa ngazi hadi Ziwa Magadi, lililo kwenye mita 600 hivi.

Sasa tuulete upepo. Mabaharia wa pwani huzijua pepo mbili kubwa: kaskazi, ivumayo kutoka kaskazini-mashariki, na kusi, itokayo kusini-mashariki. Hata zikibadilishana zamu, zote mbili huifikia nyanda ya juu ya Nairobi kutoka upande wa mashariki. Mgongo wa Ngong umezikingama. Hewa ikifika hapo haina njia ila kupanda, na inapovuka kileleni hubanwa kati ya mlima ulio chini yake na tabaka la hewa lililo juu yake. Kama mto unaopita penye mawe yaliyokaribiana, huongeza mwendo. Ndiyo maana mji ulio chini unaweza kuwa shwari huku kileleni kukivuma.

Ushahidi uko pande zote mbili za njia. Hewa inayopanda hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu, mawingu na mvua. Kwa hiyo miteremko ya mashariki ina misitu na mashamba. Hewa ikishavuka na kuteremka bondeni hupata joto na kukauka, na macho yako yanakutana na nyasi za rangi ya kahawia na migunga. Simama kileleni ugeuze shingo: mvua na ukame vimetenganishwa na upana wa njia unayoikanyaga.

Wahandisi nao waliusoma mgongo huu. Mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo, msaada wa serikali ya Ubelgiji, ilisimikwa hapa mwaka 1993. Leo kituo cha KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, kilicho upande wa kaskazini wa milima, kina uwezo wa megawati 25.5. Hesabu yake ni ya kuvutia: upepo ukiongeza kasi mara mbili, nishati iliyomo huongezeka mara nane. Kwa hiyo kasi kidogo inayoongezwa na mlima ni mali kubwa.

Mwili wako nao una hesabu yake mlimani. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5; kwa hiyo tofauti kutoka katikati ya Nairobi hadi Lamwia ni nyuzi kama 5. Upepo nao hupeperusha joto la ngozi na kukausha jasho kabla hujalihisi, hivyo mtu huungua jua na kupungukiwa maji akidhani amepoa tu. Beba koti jepesi la kuzuia upepo, maji ya kutosha na kofia yenye kamba. Ukitaka kula, shuka hatua chache upande wa magharibi, mahali mlima unapokukinga.

Safari ya kutoka lango la Ngong hadi Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, ni ya nusu siku kwa mwendo wa wastani. Shirika la Huduma za Misitu Kenya hutoza kiingilio, na askari wake husindikiza wageni. Kubali kusindikizwa, hasa kwenye vilele vya kusini ambako watu ni wachache. Anza asubuhi, kwa kuwa majira ya mvua mawingu hujikusanya mchana, na mgongo usio na miti si mahali pa kukutwa na radi.

Mwanafunzi anaweza kukariri mvua ya milimani na Bonde la Ufa darasani kama mada mbili zisizohusiana. Hapa zinakutana: mpasuko ulifanya mgongo, mgongo ukauharakisha upepo, na upepo ukagawa mvua na kuzalisha umeme. Walimu wa jiografia wa Nairobi, wapandisheni wanafunzi wenu Ngong.