UFUGAJI WA KONDOO: MALISHO, ZAMU NA AFYA YA KUNDI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaofuga kondoo Unguja na Pemba wanakumbushwa kuwa mvua za Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta neema ya majani na hatari kwa pamoja. Mara nyingi mfugaji hushangaa kuona wanyama wakidhoofika na kufa ilhali malisho yamestawi. Aghalabu sababu ni minyoo ya tumbo inayonyonya damu. Maelezo haya yanakusudiwa kumsaidia mfugaji kuzuia hasara hiyo.

1. Jinsi maambukizi yanavyotokea

Mnyoo jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hayo hutoka pamoja na mavi. Penye joto na unyevunyevu, viluwiluwi huweza kuwa tayari kuambukiza ndani ya wiki moja. Hupanda kwenye majani yenye umande na kuliwa na kondoo, ambaye hula nyasi hadi karibu na ardhi. Baada ya wiki tatu hivi, minyoo mipya nayo huanza kutaga. Kwa hiyo kondoo aliyenyweshwa dawa leo na kurudishwa malisho yaleyale kesho huambukizwa upya, na fedha ya dawa hupotea.

2. Zamu za malisho

Inashauriwa eneo la malisho ligawiwe vipande, na kundi lihamishwe kila baada ya siku 3 au 4, kabla viluwiluwi havijakomaa. Katika hali ya hewa ya joto na mvua, viluwiluwi vingi hufa katika muda wa wiki 4 hadi 6. Vipande 10 vyenye zamu ya siku 4 hukipa kila kipande mapumziko ya siku 36. Kondoo wasitolewe asubuhi kabla umande haujakauka. Mwenye eneo dogo ni bora akate majani na kuyaweka katika hori, banda likiwa na sakafu kavu iliyoinuliwa. Anayefunga kwa kamba ahamishe kigingi kila siku, na mnyama apate kivuli na maji.

3. Ukaguzi wa macho

Wakati wa mvua, kila kondoo akaguliwe mara moja kila wiki mbili kwa kufunua kope la chini. Utando mwekundu ni dalili njema. Ukipauka au kuwa mweupe, damu imepungua. Uvimbe chini ya taya pia ni dalili ya hatari. Anyweshwe dawa yule anayehitaji, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Kuwapa wote dawa ovyo, au kupunguza kipimo, huifanya minyoo kuwa sugu.

4. Mbegu na matunzo

Utafiti uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kondoo wekundu wa Kimaasai hustahimili minyoo kuliko Dorper. Mfugaji anayechagua mbegu asitazame ukubwa wa mwili peke yake.

Mimba ya kondoo huchukua miezi 5. Jike aongezewe chakula katika wiki 6 za mwisho, na mtoto anyonye dang'a katika saa za mwanzo baada ya kuzaliwa. Chumvi na vyakula vilivyoongezwa madini ya shaba kwa ajili ya wanyama wengine wasipewe kondoo, kwani shaba ikizidi huwaua.

5. Wanyama wapya

Kondoo aliyenunuliwa atengwe kwa wiki 3 hadi 4 kabla ya kuchanganywa na kundi. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitika Tanzania Bara mwaka 2008, haina tiba mahususi lakini ina chanjo. Homa, makamasi, vidonda vya mdomo na kuharisha vikionekana kwa pamoja, wanyama wasihamishwe wala kuuzwa, na taarifa ipelekwe mara moja kwa bwana mifugo wa eneo au ofisi ya mifugo ya wilaya.