Majira ya Bustani Bule: Kutunza Udongo, Mboga na Ukoka katika Nyanda za Juu za Djugu

Vitabu vingi vya bustani vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye joto la wastani, kama vile Australia ya mashariki, Afrika Kusini au majimbo ya kusini ya Marekani, huugawanya mwaka kwa kipimo cha joto na baridi, na humwelekeza msomaji apande hali ya hewa inapoanza kuwa vuguvugu, amwagilie wakati wa kiangazi, na aiache mimea ipumzike wakati wa kipupwe. Maelekezo hayo, hata yakiwa sahihi kabisa huko yalikotungwa, hayawezi kufuatwa Bule, katika teritori ya Djugu, mkoa wa Ituri, mashariki ya Kongo, kaskazini ya mji wa Bunia. Mahali hapo pako takribani digrii 2 tu kaskazini ya ikweta, kiasi kwamba tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mchana mfupi kuliko wote katika mwaka haifiki robo saa, na joto la mwezi mmoja halipishani sana na la mwezi mwingine. Ubaridi unaosikika asubuhi katika vilima vya Djugu hautokani na majira bali na mwinuko, kwa sababu kila mtu anapopanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, ndiyo maana kabichi, karoti na viazi mviringo hustawi huko juu lakini hupata taabu kwenye mwambao wa Ziwa Albert, ambako samaki na muhogo ndio riziki.

Kinachoyatenga majira Bule ni maji. Ukanda wa mvua, yaani eneo ambalo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kuinua unyevu hewani, hulifuata jua linapohama, kwa hiyo huipita Ituri mara mbili kila mwaka. Mvua za kwanza huanza katika mwezi wa Machi na kuendelea hadi Mei, kisha hupungua kati ya Juni na Julai bila kukatika kabisa, halafu hurudi kwa nguvu kubwa zaidi kuanzia Agosti hadi Novemba, na baada ya hapo unafuata ukame wa Desemba, Januari na Februari. Mwenye bustani hana budi kuziona nyakati hizi nne kuwa ndizo majira yake, na kupanga kila kazi, iwe ya mboga au ya nyasi za uwanjani, kwa kuuliza maji yako wapi kwa wakati huo: mawinguni, ndani ya udongo, au yakiteremka bondeni.

Miezi ya ukame huonekana kwa wengi kama miezi ya kupumzika, ilhali ndiyo yenye kazi inayoamua mavuno ya mwaka mzima. Udongo wa vilima vya Djugu, kama udongo mwingi wa kitropiki ulioloweshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, umepoteza sehemu kubwa ya chumvichumvi zake na una uchachu, na katika udongo wenye uchachu fosforasi, ambayo ni kirutubisho kinachojenga mizizi, hushikwa na chuma na alumini hata mmea usiweze kuifikia ingawa imo. Dawa ya hali hiyo ambayo kila nyumba inaweza kuimudu ni mboji, yaani mabaki ya mimea na samadi yaliyooza pamoja hadi yakawa meusi na kulainika. Djugu ni nchi ya wafugaji, na samadi ya ng'ombe si adimu kwa wenye mifugo. Kasoro ni kwamba mara nyingi hurundikwa juani na mvuani, ambako nitrojeni yake hupotea hewani au kuoshwa na maji kabla ya kufika shambani. Rundo lenye tabaka za nyasi kavu, majani mabichi na samadi, lililofunikwa kwa majani ya migomba na kupinduliwa kila baada ya wiki tatu hivi, likianzwa mwanzoni mwa Desemba huwa tayari mvua za Machi zinapoingia. Jivu la jikoni nalo hupunguza uchachu, lakini linyunyizwe kwa kiasi na peke yake, kwa kuwa likichanganywa na samadi mbichi huifukuza ile nitrojeni iliyokuwa ikihifadhiwa.

Desturi ya kuchoma moto vilima wakati wa ukame ili nyasi changa zichipue kwa ajili ya mifugo inaeleweka, maana mfugaji asiye na malisho mwezi wa Februari hana pengine pa kugeukia. Hata hivyo moto huo huuacha udongo uchi katika wiki zilezile zinazotangulia mvua kubwa, na huunguza matandazo, yaani majani makavu yanayotandikwa juu ya matuta ili kuzuia jua lisinyonye unyevu. Anayelima bustani ya bondeni karibu na kijito anaweza kuendelea kuvuna sukumawiki, vitunguu na lengalenga, mboga ambayo Watanzania huiita mchicha, kwa muda wote wa ukame, iwapo vitanda vyake vitakuwa vimezama kidogo chini ya usawa wa njia ili maji ya kumwagilia yabaki penye mizizi. Mvua zikirudi, vitanda hivyohivyo vinapaswa kuinuliwa juu ya njia, kwani kitanda kilichozama mwezi wa Septemba huwa dimbwi, na mizizi hukosa hewa ikaoza.

Machi humpa mkulima mtihani mgumu. Mvua ya kwanza mara nyingi hunyesha kwa kishindo, kisha hukatika kwa wiki moja au mbili, na mbegu iliyoharakishwa huota na kukauka. Kipimo kinachoaminika zaidi kuliko tarehe ni kuchimba kwa jembe hadi kina cha sentimita 20 na kuufinyanga udongo wa huko chini mkononi: ukishikamana na kubaki na alama za vidole, unyevu umefika mahali ambapo mizizi itaufuata, ukimomonyoka kama unga, mkulima asubiri. Maharage na mahindi huanza, viazi hufuata, na miche ya kabichi iliyokuzwa kitaluni tangu mwisho wa Januari huhamishwa jioni au siku ya mawingu, kila mche ukitoka na udongo wake. Mahindi machanga yanahitaji kukaguliwa katikati ya majani, kwa sababu kiwavijeshi vamizi, mdudu mwenye asili ya Amerika aliyethibitishwa kuingia Afrika mwaka 2016, hujificha humo na kuacha uchafu unaofanana na pumba za msumeno. Akikutwa angali mdogo, kumtoa kwa mkono katika bustani ya nyumbani kunatosha.

Viazi mviringo vinastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndilo zao la bustani lenye faida katika nyanda za juu na pia lenye maradhi mengi. Ugonjwa wa kwanza ni mnyauko bakteria, ambao huishi udongoni na kuingia shambani kwa njia ya mbegu iliyoambukizwa. Mmea ukinyauka mchana ilhali udongo una maji, mkulima akate kipande cha shina karibu na ardhi na kukining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Ikiwa nyuzi nyeupe kama maziwa zitaanza kushuka kutoka kwenye jeraha baada ya dakika chache, bakteria wamo, na hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouokoa mmea huo. Hung'olewa na udongo wake, hutupwa mbali na njia ya maji, na mahali hapo pasipandwe viazi, nyanya, biringanya, pilipili wala tumbaku kwa misimu kadhaa, kwa sababu mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na hulishana ugonjwa. Mahindi, maharage na kabichi zinaweza kupandwa bila hofu. Ugonjwa wa pili ni bakajani chelewa, unaoletwa na kiumbe kinachofanana na kuvu, ambacho ndicho kilichoteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kuu ya nchi ile. Huo hupenda ubaridi wenye unyevu, kwa hiyo msimu wa Agosti hadi Novemba ndio hatari zaidi Djugu: madoa meusi hujitokeza kwenye majani, na asubuhi yenye ukungu huonekana utando mweupe upande wa chini wa jani. Kupanda kwa nafasi, kuinulia udongo kwenye mashina ili mvua isivishushe vijidudu hadi kwenye viazi, na kufyeka mashina siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna ili ngozi ya kiazi ikomae, ni kazi zisizohitaji fedha, na mkulima asiye na dawa hana kinga nyingine iliyo bora kuliko hizo.

Juni na Julai hupita haraka; ni miezi ya kuvuna, kukausha maharage juani na kuandaa ardhi upya.

Kuanzia Agosti, jambo kuu katika bustani ya kilimani si mmea tena bali ni mteremko. Tone moja la mvua kubwa likianguka kwenye udongo uchi hutawanya chembe zake, chembe hizo huziba vitundu vya juu, na maji yasiyoweza kuingia chini huteremka yakiwa yamebeba sehemu ileile yenye mboji. Nyakati za utawala wa Wabelgiji, wakulima wa nyanda za juu za mashariki ya Kongo walilazimishwa kuchimba makingamaji, yaani mifereji inayokata mteremko kwa usawa ili kuyasimamisha maji, na kazi hiyo, kwa kuwa ilikuja pamoja na shuruti, iliachwa katika sehemu nyingi baada ya uhuru wa mwaka 1960. Elimu yenyewe haikuwa na kosa. Kituo cha utafiti cha Nioka, katika teritori jirani ya Mahagi, ambacho kilikuwa chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC iliyoundwa mwaka 1933 na leo kiko chini ya mrithi wake, INERA, kilishughulikia kilimo na ufugaji wa nyanda hizi za juu. Na kule Machakos, Kenya, matuta yanayojengwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mfereji, maarufu kwa jina la fanya juu, yalirudisha rutuba kwenye vilima vilivyokuwa vimehesabiwa kuwa vimekufa.

Chombo cha kupima usawa hutengenezwa kwa fito mbili za mkaratusi zenye urefu wa mita 2, zilizofungwa pamoja juu na kupanuliwa chini, na fito ya tatu ikapigwa katikati zikawa na umbo la herufi A; kamba yenye jiwe huning'inizwa kutoka kileleni. Miguu ya chombo huwekwa juu ya vigingi viwili, alama hutiwa mahali kamba inapoikata fito ya katikati, kisha miguu hubadilishana vigingi na alama ya pili hutiwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kamba inapokaa miguu yote ikiwa katika usawa mmoja. Mpimaji huenda akigeuza chombo hatua kwa hatua, akipiga kigingi kila kamba inapotulia katikati ya alama hizo, na mstari wa vigingi huo hupandwa matete au majani ya Guatemala kwa safu mbili zinazopishana. Ili kujua mahali pa mstari unaofuata, huteremka hadi macho yake yawe sawa na mstari wa juu. Majani hayo hushika udongo, na yakikatwa huwa lishe ya mbuzi na ng'ombe, jambo linalompa mfugaji sababu ya kuyalinda.

Uwanja wa nyumba nao ni sehemu ya mteremko. Nyasi ya kikuyu, ukoka ambao wenye bustani wa Sydney huukata kila wiki wakati wa joto, asili yake ni nyanda za juu za Afrika, kutoka Ethiopia hadi mashariki ya Kongo, na mbegu zake zilipelekwa Australia kutoka Kongo ya Wabelgiji mwaka 1919. Hutambaa kwa mashina ya juu na ya chini ya udongo, hivyo hufunika ardhi upesi, na vipande vya mashina yake vikipandwa kwa nafasi ya sentimita 30 mvua zinapoanza huungana kabla ya ukame. Wenyeji wengi hufagia uwanja hadi ubaki udongo mtupu kwa kuogopa nyoka, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini ukoka uliofyekwa hadi sentimita 5 haumfichi nyoka, na uwanja mtupu ndio unaoanzisha korongo chini ya ukuta. Inatosha kufagia hatua chache mbele ya mlango na kuacha nyasi kwingine. Ukoka usikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Ukigeuka rangi ya majani makavu mwezi wa Januari hauna haja ya kumwagiliwa, kwa sababu umelala, haujafa. Na kati yake na vitanda vya mboga uchimbwe mfereji wa kina cha sentimita 20 unaosafishwa mara kwa mara, la sivyo utaingia katikati ya karoti.

Tangu machafuko yaliyoanza Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, watu wengi wanaoishi kuizunguka Bule si wenye vilima wanavyoviona, bali ni wakimbizi wa ndani ambao mashamba yao yako mbali na hayafikiki kwa usalama. Kwa familia ya namna hiyo bustani ni gunia lililojazwa udongo na mboji, lenye nguzo ya mawe katikati inayoyashusha maji hadi chini, na matundu ubavuni yanayopandwa lengalenga au sukumawiki. Lengalenga huanza kuchumwa baada ya wiki nne hivi, na maji yaliyooshewa mboga hulitosha gunia hilo hata katika ukame. Wanaogawa mbegu katika kambi na vijiji hivyo, iwe ni ofisi za kilimo au mashirika ya misaada, wanapaswa kuzifikisha mikononi mwa watu kabla Februari haijaisha. Maharage yanayotolewa katikati ya Mei hukomaa baada ya miezi mitatu hivi, yaani katikati ya Agosti, na mvua kubwa huyakuta yakiwa makavu kwenye mashina, yakachipua ndani ya maganda yake kabla ya kuvunwa.