Msimu wa Sikukuu: Jihadhari na Matapeli wa Simu

Mwezi wa Desemba pesa nyingi hupita mikononi mwetu kwa muda mfupi. Walio mbali wanatuma za sikukuu nyumbani, vyama vinagawa akiba ya mwaka, wageni wanalipia nyumba Watamu na Malindi, na wafanyabiashara wanauza kuliko miezi mingine. Matapeli wanalijua hilo. Anayetapeliwa wiki ya Krismasi huonja uchungu wenyewe Januari, shule zinapofunguliwa na karo, sare na vitabu vikadaiwa kwa pamoja.

Mbinu zao ni nyingi, lakini zote hutegemea jambo moja: kukuharakisha. Mara nyingi pesa hutoka kwa sababu mwenye simu mwenyewe ameweka PIN yake au ameitaja. Hivyo kinga kubwa iko mikononi mwako.

"Nimekutumia kwa makosa"

Unapata ujumbe kwamba umepokea, tuseme, shilingi 3,500. Dakika moja baadaye mtu anakupigia akilia: pesa zilikuwa za mgonjwa, tafadhali zirudishe. Ukizituma, umetuma zako, kwani ule ujumbe aliuandika yeye.

Ujumbe halisi huja kwa jina MPESA, mahali pale pale zilipo jumbe zako za awali za M-Pesa. Ukiletwa na namba ya kawaida ya simu, ni bandia. Usibishane naye; angalia salio lako kwanza. Hata ikiwa pesa zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono. Mwambie aliyekosea asambaze ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 ili Safaricom ishughulikie. Mkweli hatakataa njia hiyo.

Mteja mwenye ujumbe mkononi

Wenye maduka, vibanda na bodaboda hutapeliwa zaidi wakati foleni ni ndefu. Mteja anakuonyesha kwenye simu yake kwamba amelipa, anabeba unga na mafuta, anaondoka. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo. Malipo ni yale yaliyofika kwenye simu yako au kwenye till yako. Ikiwa mtandao umechelewa, mwombe asubiri kidogo. Mfanyakazi uliyemwachia duka naye aelezwe hivyo, na awe na njia ya kuthibitisha malipo bila kukupigia simu kila mara.

Simu kutoka "ofisini"

Mpigaji anasema anatoka kampuni ya simu, laini yako inafungwa leo, au umeshinda zawadi ya Krismasi. Kisha anataka namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, au PIN. Akipata hayo anaweza kuihamishia laini yako kwenye kadi nyingine na kuchukua kilichomo, pamoja na kukopa kwa jina lako.

Safaricom huwapigia wateja kwa namba 0722 000 000, na haiulizi PIN. Yeyote anayeuliza PIN ni tapeli, hata akikutajia majina yako matatu. Piga *100*100# kuzuia laini yako isibadilishwe na wakala yeyote tu, na *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzako zikifanya kazi, nenda mara moja kwenye duka la kampuni yako ya simu.

Nyumba za likizo

Picha za nyumba nzuri yenye bwawa la kuogelea, bei nafuu, na mwenye nyumba anayetaka malipo ya awali "kabla mwingine hajachukua". Mgeni anafika na mizigo na watoto, anakuta nyumba haipo au ina watu wengine. Kabla ya kulipa, omba kuonyeshwa nyumba kwa simu ya video, au mtume mtu unayemjua akaione. Wakati wa kutuma, soma jina la mpokeaji linalotokea. Likitofautiana na ulilopewa, acha.

Wenye nyumba za kukodisha nao watafute mara kwa mara iwapo picha zao zinatumiwa na watu wengine mitandaoni.

Kazi za kaunti haziuzwi

Vijana wengi wako nyumbani msimu huu wakitafuta kazi. Ajira za kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na hakuna ada ya kutuma maombi, ya usaili wala ya barua ya ajira. Anayekuomba pesa "ya chai" ili jina lako lipite anakuibia, hata kama umemwona akiingia ofisini.

Ikiwa umeshatapeliwa

1. Sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo. Kila dakika ina maana, kwani tapeli hutoa pesa haraka.
2. Tuma namba au ujumbe wa tapeli kwa 333, bila malipo. Walio kwenye mitandao mingine wapige huduma kwa wateja ya mtandao wao.
3. Usifute jumbe wala orodha ya simu zilizoingia. Huo ndio ushahidi wako.
4. Piga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu na uchukue namba ya OB. Unaweza pia kupigia DCI bila malipo kwa 0800 722 203. Ulaghai wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018.

Wengi hunyamaza kwa kuona haya, na tapeli anaendelea na jirani. Toa taarifa hata kama kiasi ni kidogo.

Mwisho, keti na wazee nyumbani uwaeleze haya kwa utaratibu, hasa wale ambao husomewa jumbe zao na wengine. Kubalianeni kwamba hakuna pesa itakayotumwa kwa dharura yoyote kabla ya kumpigia mtu wa familia kwa namba mnayoijua.