Mgeni njoo, mwenyeji apone

Mpenzi msikilizaji, wiki hii sizungumzii nani atafunga bao wala nani atabeba kombe. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi watangazaji hatuligusi mpaka litukwamishe wenyewe, nalo ni basi la kurudi nyumbani.

Nimelileta jambo hili kwa sababu mwezi Septemba 2023 Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Tangu hapo tumesikia mengi kuhusu nyasi, taa na viti vya uwanjani. Hayo ni ya lazima. Lakini hakuna mtazamaji anayelala uwanjani. Kila aliyeingia atatoka, na atatoka saa ileile na wenzake wote.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kuripoti mchezo wa kimataifa hapa Dar es Salaam. Filimbi ya mwisho ililia saa moja kasoro jioni, na ripoti yangu ilitakiwa kituoni kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nilifika saa nne. Hilo si kubwa, kwani habari ya mpira haiozi. Kubwa ni lile nililoliona njiani. Katika daladala niliyopanda alikuwamo muuguzi aliyevaa sare, akienda zamu ya usiku. Mpira haukumhusu hata kidogo. Tulipokaa mahali pamoja muda mrefu, alivua viatu, akatoa kandambili katika mkoba, akashuka na kuanza kutembea gizani. Nikajiuliza, huko wodini nani anamngojea?

Ndugu msikilizaji, tupige hesabu. Uwanja wa Benjamin Mkapa una nafasi za watu 60,000. Tuseme umejaa, na kila watu wawili wamekuja na gari lao. Hayo ni magari 30,000. Njia moja ya barabara, hata isipokuwa na taa wala kipilefti, hupitisha magari yapatayo 2,000 kwa saa. Ukiwa na njia nne za kutokea, na zote zikienda bila kusimama, gari la mwisho litaondoka baada ya saa karibu nne. Sasa wapakie watu haohao katika daladala za abiria 30: zitahitajika safari 2,000. Wapakie katika mabasi marefu ya kubeba watu 150: safari 400. Wapakie katika treni za watu 1,000: safari 60. Hesabu hii ni ya darasa la tano, na jibu lake linaonekana.

Kuna jambo la pili. Watazamaji huja uwanjani kidogo kidogo kwa muda wa saa tatu au nne, lakini huondoka wote kwa nusu saa. Kwa hiyo mpango wa usafiri hupimwa wakati wa kutoka. Mabasi yawe yamekwisha kupangwa kabla ya filimbi, kila upande wa mji na kituo chake, na mtu ajue tangu asubuhi atapandia wapi.

Waliotutangulia wametuachia mafunzo. Mwaka 1996 mji wa Atlanta, Marekani, uliandaa michezo ya Olimpiki. Nchi ile haina upungufu wa barabara wala wa magari. Mabasi mengi yaliazimwa kutoka miji mingine, na madereva nao wakatoka mbali. Wengi hawakuijua Atlanta. Walipotea njia, mabasi mengine yakaharibika, na wanamichezo na waandishi wa habari wakachelewa. Treni za mji, ambazo waendeshaji wake waliijua kazi na njia zao, ndizo zilizobeba umati. Fedha hununua basi kwa siku moja, lakini dereva anayeujua mji hapatikani dukani.

Watu wa Sydney, Australia, ambao zamu yao ilikuwa 2000, walijifunza. Waliunda mamlaka moja ya kusimamia barabara na usafiri wote wa michezo, ili treni, mabasi na trafiki wasivutane. Walijenga kituo cha treni karibu na viwanja, ambapo treni huingia upande mmoja na kutokea upande mwingine bila kugeuza, na abiria wanaoshuka hawagongani na wanaopanda. Tiketi ya mchezo ilikuwa pia nauli. Watazamaji hawakupewa maegesho ya magari binafsi. Na kituo hicho hawakukingoja Olimpiki kukijaribu. Mwaka 1998 waliyahamishia huko maonyesho yao makubwa ya Pasaka, wakaona makosa yako wapi, wakayarekebisha wakiwa na miaka miwili mkononi.

Pengine mtu atasema: hao wana fedha za treni. Basi tutazame Los Angeles mwaka 1984. Mji ule wakati huo haukuwa na treni ya mjini, na watu walitabiri kwamba magari yangekwama wiki mbili nzima. Hayakukwama. Waajiri waliombwa wabadili saa za kazi, malori yakapeleka mizigo usiku, baadhi ya barabara zikafanywa za upande mmoja, na mabasi ya ziada yakawekwa. Siri yake ni hii: barabara iliyojaa ni kama ndoo iliyojaa pomoni. Huhitaji kuimwaga nusu ili isimwagike, punguza kikombe kimoja tu. Ukiondoa gari moja katika kila kumi kwa saa ya msongamano, yale tisa yaliyobaki huanza kwenda. Kubadili saa ya lori la saruji hakuhitaji mkopo wa benki.

Karibu zaidi na kwetu, Afrika Kusini iliandaa Kombe la Dunia mwaka 2010. Johannesburg ilianzisha mabasi yake ya mwendokasi, Rea Vaya, Agosti 2009. Wenye teksi za abiria, ambazo ni kama daladala zetu na matatu za Kenya, walipinga kwa kuhofia kunyang'anywa riziki. Yalihitajika mazungumzo marefu, na hatimaye wenye teksi walioguswa na njia hizo wakawa wanahisa wa kampuni ya mabasi. Fundisho ni kwamba mwenye daladala na kijana wa bodaboda waitwe mezani mapema. Wakiachwa nje ya mpango, hawatatoweka siku ya mchezo, watakuwa palepale getini bila mpango.

Julai 7 mwaka uleule, Durban iliandaa nusu fainali kati ya Ujerumani na Hispania. Uwanja wa ndege ulikuwa mpya, umefunguliwa miezi miwili tu kabla. Ndege binafsi za wakubwa zilijaa katika maegesho, na ndege za abiria zikakosa pa kutua kwa wakati. Mamia ya mashabiki waliokuwa na tiketi mfukoni waliukosa mchezo. Nafasi ya wengi ilikuwa imekaliwa na wachache.

Sisi tumekwisha kupata nafasi ya kujaribu. Mashindano ya CHAN yalifunguliwa hapa Dar es Salaam Agosti 2, 2025, yakahitimishwa Kasarani, Nairobi, Agosti 30. Je, yuko aliyekaa na daftari akaandika basi la mwisho liliondoka uwanjani saa ngapi? Gari la wagonjwa lilipita njia gani? Mtu wa Mbagala au wa Githurai asiyekuwa na tiketi alifika kwake saa ngapi? Kama majibu yapo, yatolewe. Kama hayapo, basi jaribio letu tulilitazama kama mchezo tu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akae kando ya barabara apishe ving'ora. Timu zitafika uwanjani kwa wakati, sina shaka, kwa sababu polisi watazitangulia. Mpango wa kweli utajulikana kwa yule muuguzi mwenye kandambili. Akifika zamu yake kwa saa yake jioni ya mchezo, tutakuwa tumefaulu hata kama tumefungwa bao.

Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, nawatakieni safari njema.